Kuwatembeza Wacheza Gofu Kabla ya Mvua ya Saa Tisa

Kabla sijapewa kazi kwenye uwanja wetu wa gofu hapa Kamina, nilikuwa mwanamke wa kukatiza tu. Shamba langu la mihogo lilikuwa ng'ambo ya shimo la tano, na njia fupi ya kwenda huko ilipita katikati ya uwanja. Kila asubuhi nilisimama kando, beseni kichwani, nikatazama nani anapiga, nani anatembea, nani bado anapekua majani akitafuta mpira wake. Nikiona nafasi, navuka. Sikupigwa na mpira hata mara moja, na hakuna mchezaji aliyewahi kusimama kunisubiri.

Ninyi mlioanza kazi mwaka huu mmeniuliza nilisomea wapi. Nilisomea hapo.

Aliyeniona alikuwa Papa Kazadi, katibu wa kamati ya uwanja. Kabla ya kustaafu alifanya kazi ya reli, na kazi yake ilikuwa kupanga treni zipishane kwenye njia moja kati ya Luena na Kamina bila kugongana na bila kulala njiani. Siku moja aliniita. Nilidhani anataka kunikataza kupita pale, nikaanza kuomba samahani kabla sijafika. Akainua mkono.

"Mama Numbi, minyi nakuangalia tangu mwezi muzima," akasema. "Bantu benye kucheza hapa iko na saa ku mukono, na banachelewa. Weye hauna saa, na haujachelewesha muntu. Kuya utumike na siye."

Mume wangu, Ngoy, alikuwa fundi wa mashini kwenye depo ya reli. Nilipomwambia nimepata kazi ya kuwahimiza watu wazima watembee, alicheka mpaka akatafuta kiti. Kesho yake alirudi na viatu vya mpira, namba yangu kabisa, akaviweka mlangoni.

Niwaeleze kazi yenyewe, kwa maana karatasi mliyopewa haielezi. Uwanja wetu una mashimo tisa. Makundi yanaondoka moja baada ya jingine, watu wanne wanne, na kundi la nyuma haliwezi kupiga mpaka la mbele lisogee. Kundi moja likizubaa, yote yaliyo nyuma yake yanasimama. Huenda mahali pengine hilo ni jambo la kuudhi tu. Hapa kwetu, wakati wa masika, mawingu yanajikusanya upande wa Kinkondja baada ya saa sita, na ikifika saa tisa mbingu inapasuka. Ninyi ni watoto wa hapa, mnaijua radi yetu. Sasa tazameni shimo la saba liko wapi. Liko juu ya kilima kitupu. Mtu akisimama pale na fimbo ya chuma mkononi, kinachomzidi urefu ni kichuguu peke yake, na mti mmoja ulioota juu yake. Kwa hiyo msifikiri mnalinda saa. Kazi yenu ni kuhakikisha kila mtu yuko chini ya bati kabla ya ngurumo ya kwanza.

Nilianza vibaya. Nilipewa filimbi na koti la njano, na wiki ya kwanza nilipuliza filimbi ile kama askari wa njia panda. Mtu akiinama, napuliza. Mtu akifuta jasho, napuliza. Mama Odette, mwenye duka la dawa karibu na stesheni, alikuwa katikati ya pigo lake kwenye shimo la nne, lile linalopakana na reli, nilipopuliza nyuma yake. Alishtuka. Mpira ukaenda pembeni, ukagonga mawe ya reli, ukaruka ukaingia ndani ya behewa la wazi la treni ya mizigo iliyokuwa ikipita. Tulisimama sote tukaitazama treni mpaka behewa la mwisho. Mama Odette akasema kwa upole kwamba sasa mpira wake unasafiri kuliko yeye.

Papa Kazadi alichukua filimbi akaifungia kwenye mtoto wa meza. Hakunigombeza. Alisema hivi tu:

"Muntu unamukimbiza, anapiga mubaya. Akipiga mubaya, mupira unapotea. Mupira ukipotea, siye bote tunatafuta."

Kisha akanipeleka shimo la tatu, tukakaa kwenye majani asubuhi nzima. Shimo la tatu ni fupi, linavuka kijito, na mchezaji anaweza kufika kwenye grini, pale penye bendera na shimo lenyewe, kwa pigo moja. Ndiyo maana watu hurundikana pale. Wa nyuma hawawezi kupiga wakati wa mbele wako kwenye grini, na wa mbele hawana haraka kwa sababu wamefika. Papa Kazadi akanionyesha cha kufanya. Walio kwenye grini waweke alama mahali pa mipira yao, wajitoe kando, wawapungie mkono walio ng'ambo wapige. Wale wakishapiga na kuanza kutembea, hawa wanamaliza. Alisema treni mbili zikipishana stesheni, hakuna iliyopoteza kitu. Nilianza kufanya hivyo siku ileile, na shimo la tatu likafunguka kama bomba lililokuwa na tope.

Jambo jingine nililojifunza: uzito wa mchezo, yaani kuchelewa kwake, hauko miguuni. Nimemwona mzee mwenye bakora akimaliza mbele ya kijana anayecheza mpira wa miguu kila Jumapili. Mzee akitembea, fimbo ya kupigia ameshaichagua. Kijana anafika kwenye mpira mikono mitupu, anautazama, anarudi kwenye mfuko, anatoa fimbo, anairudisha, anatoa nyingine. Muda unaliwa kwa kusimama. Hata mfuko wenyewe: ukiuacha mbele ya grini, ukimaliza lazima urudi kuuchukua, na walio nyuma wanakutazama ukipiga matembezi. Uweke upande unakokwenda.

Grini zetu ni za mchanga uliochanganywa na mafuta machafu ya mashini, hilo mnalijua kwa harufu. Lazima mchanga usawazishwe kwa ubao. Zamani kila mtu alisawazisha pa kwake huku watatu wakimtazama kama wako matangani. Sisi tukaamua kwamba aliyemaliza kwanza ndiye ashike ubao na bendera kwa ajili ya wenzake. Hakuna aliyependa, mpaka walipoanza kufika nyumbani mapema.

Na heshima nayo inachelewesha. Tulikuwa na wachungaji wawili wa makanisa mawili, marafiki sana. Kila shimo mmoja alimwambia mwenzake aanze, mwenzake akasema hapana, anza wewe, na wote wawili walikuwa wanyenyekevu kwelikweli. Nikawaambia kwamba mbinguni watapata nafasi ya kupishana, lakini hapa aliye tayari apige. Walicheka, wakanitii. Nikajiona sasa mimi ni jasiri, siogopi mtu.

Siku ya kombe ndipo nilipojua kwamba sivyo.

Kila mwaka watu wa reli hucheza na watu wa base, yaani wanajeshi na jamaa zao. Mwaka huo kamati ilimwalika mgeni kutoka Lubumbashi, direkta wa kampuni ya malori, ambaye walitumaini atatusaidia kupata mashini ya kukata majani. Kwa heshima wakamweka kundi la kwanza, na makundi manane nyuma yake. Lilikuwa kosa, na mimi nililiona, nikanyamaza.

Bwana Direkta alikuwa mtu mwema, mpole wa maneno. Lakini kabla ya kila pigo alivaa glavu nyeupe, akaipiga hewa mara nne, akarudi nyuma, akautazama uwanja, akavua glavu, akafuta kiganja, akaivaa tena. Kwenye grini alichuchumaa pande zote nne za shimo. Tulipofika shimo la tatu, makundi matatu yalikuwa yamekaa juu ya mifuko yao. Nilikuwa natembea hatua mbili nyuma yake, maneno yamejaa kinywani, na hayakutoka. Niliyewaamuru wachungaji nilishindwa na glavu moja nyeupe.

Nilikwenda kwa Papa Kazadi, nikamwambia mambo yamekwama na wingu la Kinkondja limeanza kuwa jeusi. Aliangalia wingu, akamwangalia mgeni, akaniambia nimwache, ni mgeni wa kamati. Hivyo tukawa wawili wa kunyamaza.

Bwana Direkta alimaliza shimo la tisa matone ya kwanza yakianguka. Dereva wake alimfuata na mwavuli, mgeni akaingia garini, akaenda zake akitupungia mkono. Wengine walikuwa bado uwanjani, na kundi moja la wanajeshi lilikuwa juu ya kilima cha shimo la saba. Papa Kazadi alikimbia kwenda kuwashusha. Mimi nilikimbia kwa upande mwingine kuwaita wa shimo la sita. Nilimsikia akipiga kelele watupe fimbo, wachuchumae. Wakachuchumaa. Yeye peke yake ndiye aliyebaki amesimama, kwa sababu alikuwa bado anawaita.

Mwanga na mlio vilikuja pamoja. Nilipofumbua macho, kichuguu cha shimo la saba kilikuwa kimepasuka, mti wake unafuka moshi, na Papa Kazadi amelala chini.

Niwaambie mapema msije mkakaa roho juu: alipona. Sajini Bienvenu, mmoja wa wale wanne, alimweka mgongoni akateremka naye kilima akikimbia, na ndani ya saa ileile alikuwa mikononi mwa daktari. Lakini sikio la kushoto lilikufa.

Kesho yake nilimpelekea bukari, ugali wetu, na samaki. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini nilipoona bandeji nikaanza kulia. Akaniacha nilie kidogo, kisha akasema:

"Inatosha, Mama Numbi. Weye ulinyamaza, minyi vilevile nilinyamaza. Ku reli minyi nilisimamisha treni za bakubwa, sikuogopa. Halafu nikaogopa muntu mumoja, sababu ya glavu yake safi."

Nilimwambia naacha kazi. Akanigeuzia sikio la kulia, akaniomba nirudie. Nikarudia. Akafikiri, akasema pole, hata hilo halijasikia. Akaanza kula samaki. Mke wake, aliyekuwa amekaa pembeni, alisema kwamba mzee huyu sasa amepata pa kuficha mambo yote asiyotaka kuyasikia, na sisi wote tukacheka, mzee kwa kuchelewa kidogo.

Sikuacha kazi.

Mwaka uliofuata Bwana Direkta alituma habari kwamba atakuja tena kwenye kombe. Mashini ya majani alikuwa kweli ameituma, na kamati ikataka kumweka mbele kama mwanzo. Niliomba kusema. Nilisema akitangulia yeye, mimi nabaki shambani kwangu. Watu wakaangalia meza. Papa Kazadi akasema kwamba amesikia vizuri na anakubaliana na mimi. Basi tukapanga upya: kuanza saa moja asubuhi, na mgeni katika kundi la nne pamoja na Mama Odette na Sajini Bienvenu, watu wa mwendo mzuri. Ukimweka mtu mzito mbele kabisa, hana wa kumfuata. Mpe migongo ya kuitazama.

Lakini kupanga ni kitu kimoja. Bwana Direkta alifika, akasimama mahali pa kuanzia, akavaa glavu, akaanza kupiga hewa. Moja. Mbili. Nikaenda nikasimama mbele yake.

"Bwana Direkta, naomba nikuambie kintu kimoja kabla haujapiga."

Nikamwambia yote. Kwamba mwaka jana watu wengi walibaki nyuma yake, na mvua ikawakuta uwanjani. Kwamba mzee yule aliyekaa kwenye benchi, anayegeuza kichwa hivi mtu akisema naye, alipanda kilima kuwashusha, na radi ikachukua sikio lake.

"Radi haikuletwa na weye," nikasema. "Lakini saa ilikuwa ya siye bote, na weye ulitumia mingi. Na minyi niliogopa kukuambia. Leo sitaki kuogopa tena."

Hakukasirika. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyefunguliwa mlango akakuta msiba.

"Juu ya nini hakuna muntu alinipigia simu?" akauliza.

"Juu weye iko Direkta."

Akavua glavu taratibu, kidole kimoja kimoja. Huo nao ulikuwa muda wa watu wote, lakini huo nilimwachia. Kisha akaweka fimbo chini, akaenda mpaka kwenye benchi, akachuchumaa karibu na Papa Kazadi, akaanza kuzungumza naye. Alizungumza sana. Papa Kazadi aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, na mimi nilijua hasikii hata neno, maana mgeni alikuwa amechuchumaa upande wa kushoto. Ikabidi niende nimguse bega nimwambie azunguke. Akazunguka, akaanza upya tangu mwanzo. Sikukaa kusikiliza. Niliona tu ameushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, na mzee anamwambia jambo lililomfanya acheke huku anafuta macho.

Aliporudi aliniomba nitembee naye, na kila akitaka kuipiga hewa mara ya pili nimwambie, "Twende." Kwenye shimo la kwanza nilisema twende mpaka koo likakauka. Shimo la pili vilevile. Kwenye shimo la tano alianza kusema mwenyewe kwa sauti ndogo, kisha anapiga. Mpira wake haukuwa mzuri kuliko mwaka uliopita, wala mbaya. Mama Odette alimwambia kwamba mpira hauongezeki akili kwa kutazamwa, naye akakubali.

Siku hiyo kundi la mwisho liliingia kabla ya saa sita. Saa tisa mvua ilipokuja, ilitukuta sote chini ya bati tunakula. Bati lilipiga kelele hivi kwamba mkuu wa kamati alisimama, akafungua kinywa kutoa hotuba, akakaa tena. Watu wengi walisema lilikuwa kombe zuri kuliko yote.

Nilifanya kazi hii miaka mingi baada ya siku ile. Papa Kazadi bado yuko, anakaa kwa binti yake, na mkienda kumsalimia kaeni kulia kwake. Kanuni zimebadilika: kutafuta mpira uliopotea zamani kulikuwa dakika tano, leo ni tatu, na kama majani ni marefu mwambieni mchezaji apige mpira wa akiba kabla hajaondoka. Wakati wa kiangazi, majani yakishaungua, mpira mweupe unaonekana kwenye majivu tangu mbali, na mtapata muda wa kupumua. Wakati wa masika msipumue.

Bado kitu kimoja, nacho sikukijua mpaka mwezi wangu wa mwisho kazini. Wachezaji walikuja wakaniambia siwezi kuondoka bila kupiga mpira hata mmoja. Miaka yote ile sikuwahi. Mama Odette akanipa fimbo yake, wakaniwekea mpira pale pa kuanzia. Niliona ni jambo la mara moja: napiga, tunacheka, tunakwenda kunywa.

Wanangu, mpira ule ni mdogo sana. Nikautazama. Nikautazama uwanja, ghafla umekuwa mrefu. Nikasogeza mguu, nikaurudisha. Nikapiga hewa, nikapiga hewa tena. Mikono ilijaa jasho, nikaifuta kwenye kitenge, nikaanza upya. Pigo la kwanza lilipita juu ya mpira. La pili liliusogeza kama hatua chache za kuku. Nyuma yangu kundi la wanajeshi vijana lilikuwa limefika na kusimama, na nyuma yao kundi jingine, na wote walikuwa wananionea huruma. Nikaona haya mpaka masikioni.

Miaka yote niliamini kwamba mtu mzito anajiona mkubwa, anadhani uwanja ni wake. Kumbe anaogopa. Kila mtu anamtazama, na mpira hautaki kumsaidia. Ningelijua hilo siku ya kwanza, nisingempulizia mtu filimbi, na nisingeshindwa kusema na mtu yeyote, maana anayeogopa humsikia mwenye kumwambia maneno mazuri kwa sauti ya kawaida. Mkimkuta amesimama juu ya mpira wake, msianze na saa. Tembeeni karibu naye kwanza.

Nilitazama nyuma tena. Makundi yalikuwa matatu sasa. Nikauokota mpira, nikatoka pembeni kwenye majani, nikawapungia mkono.

"Mupite," nikawaambia. "Minyi nitakuya nyuma, polepole."